Jumapili Zisizo na Mvua

Kwa miaka kumi na tano mvua haikunyesha Katuba siku ya Jumapili. Hata tone. Ndivyo yalivyosema madaftari ya mpima mvua, Papa Godefroid, na tangu Jumatatu, Chilufya alipoyasoma vizuri, hakuwa amemaliza sahani hata moja.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri. Alikuwa nyuma ya Stanislas kwenye pikipiki, mkono mmoja umekizunguka kiuno cha mwanamume aliyempenda kuliko pumzi yake, mwingine umeubana mkoba wenye bahasha ya kaki. Joto la kabla ya mvua lilikuwa limeukalia mji. Kila waliporuka shimo, bahasha ilimgonga ubavuni.

"Uko na malaria?" Stanislas aliuliza akigeuza shingo. "Unatetemeka mpaka miye natetemeka."

"Hapana. Ni barabara."

"Barabara iko ile ya siku zote. Sema kweli, unaogopa bukari ya mama."

"Kidogo."

"Usiogope. Ba shangazi yangu bote balianguka ule mtihani, na bote balioleka!"

Alicheka mwenyewe, kicheko kile kinachoanzia tumboni. Chilufya alitamani kucheka naye. Badala yake alilaza shavu mgongoni mwake, akausikia moyo wake ukipiga polepole, moyo wa mtu asiyejua kitu. Huenda leo ni mara ya mwisho, aliwaza. Huenda kesho mgongo huu hautanikubali.

Keshokutwa, Jumamosi, familia ya Stanislas ilikuwa ije kwao kuleta mahari. Siku hiyo ilikuwa imesubiriwa miaka miwili. Miaka miwili Mama Albertine alikuwa amemkataa: msichana wa watu wa hapa, asiyejua hata salamu moja ya kaskazini, anayeshinda mjini na mashine kana kwamba mashine itamzalia watoto. Mwezi uliopita ndipo alipolainika, na leo alikuwa amemwita Chilufya aje kusonga bukari, ugali wa kwao, mbele ya macho yake. Ilikuwa heshima. Ilikuwa mlango unaofunguliwa, na Chilufya alikuwa anaingia na moto mkobani.

Kazi yake ilikuwa kuiuliza mashine mvua ya miaka ijayo. Modeli kubwa za hali ya hewa ya dunia huiona mkoa mzima wa Katanga kama doa moja. Modeli ya kanda hushuka karibu, huikata nchi katika miraba midogo, hata bonde na mlima vikaanza kuonekana. Lakini mashine haiaminiwi kwa neno lake tu. Kwanza inaulizwa mvua ya miaka iliyopita, kisha jibu lake linalinganishwa na mvua ambayo mtu wa kweli aliipima kwa mkono wake. Ikikosea, inasahihishwa. Ndipo unapothubutu kuiuliza ya kesho.

Na mtu wa kweli wa Katuba alikuwa Papa Godefroid, baba yake Stanislas. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikwenda kwenye uwanja wa shule ya zamani pembezoni mwa komini, yaani kata, ya Katuba, akamimina maji ya kipima mvua kwenye gilasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Alifanya hivyo mpaka alipovunjika nyonga, miaka minane iliyopita. Tangu hapo chombo kililetwa nyuma ya nyumba yake, na mkewe ndiye aliyekuwa anapima.

Jumatatu ile, mwenzake wa ofisini, Merdi, ndiye aliyeanza kwa mzaha.

"Chilufya, kuya uone! Mvula ya Katuba iko mukatoliki. Dimanche, siku ya Mungu, haifanye kazi."

Walicheka wote wawili. Kisha Chilufya akazitazama Jumatatu, na kicheko kikamfia mdomoni. Jumatatu zilikuwa zimebeba mvua mbili mbili. Maji ya Jumapili yalilala ndani ya chombo, ya usiku wake yakaangukia juu, mzee akaja akayapima yote pamoja na kuyaandika kuwa mvua ya siku moja. Hakumwaga hata kijiko. Jumla ya kila mwaka ilikuwa sawa kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Ila mashine ilikuwa imefundishwa kwamba Katuba hupigwa kwa siku moja na mvua ya siku mbili, na ilipoulizwa miaka ijayo, ikajibu kwa mafuriko ya kutisha. Kwa jibu hilo nyumba arobaini na moja za bondeni zilikuwa zimepigwa misalaba myekundu ukutani. Zibomolewe, mfereji mkubwa upite.

"Labda nusu ya misalaba ile ni ya uongo," alimwambia mkuu wake, Monsieur Paulin.

"Labda," Paulin alijibu. "Lakini siwezi kutupa Jumatatu za miaka kumi na tano juu ya labda ya binti mmoja. Mwenye kupima asaini mwenyewe: siku ya Jumapili sikupima. Akisaini, hesabu inaanza upya, na Ijumaa alasiri tunaisoma ile barua mbele ya bantu ya bonde. Bila saini, misalaba inabaki."

Jambo jepesi, Chilufya alidhani. Mzee alipumzika Jumapili, nani atamlaumu? Alikuwa ameshaanza kuiandika barua alipokumbuka maneno ya Mama Albertine, siku ya kwanza kabisa alipoonana naye: "Bwana yangu, dimanche siye tukiwa mu misa, yeye iko ku mvula yake. Miaka yote. Mungu anajua, ile pia ni sala."

Vidole vyake vilisimama juu ya herufi. Kama mzee hakuwa misani, na hakuwa kwenye mvua yake, alikuwa wapi?

Jumanne simu iliita. Papa Godefroid hakuwa amewahi kumpigia. Kwa watu wa kwao Stanislas, baba mkwe na mke wa mwana huheshimiana kwa umbali, wala hawazungumzi isipokuwa kwa kinywa cha mtu wa tatu. Chilufya alipoitambua ile sauti nzito, alijikuta amepiga goti kwenye vigae vya ofisi, peke yake, simu sikioni.

"Binti. Paulin amenipigia. Ile mvula ilikwisha kunyesha, ikakauka. Juu ya nini unaifukua?"

"Ba papa, ni nyumba ya bantu..."

"Samedi, siku ya mahari, natoka hapa na ndugu zangu, nakuja kwenu kukuomba. Ukileta ile karatasi mu nyumba yangu, mutatungoja mpaka jua iingie. Na Stanislas sitamuambia juu ya nini. Weye ndiye utamuambia."

Simu ilikatika. Alibaki amepiga goti vile vile, mpaka Merdi alipomuuliza kama amepoteza hereni.

Hakumwambia Stanislas. Jumatano nzima alijaribu. Kila alipofungua kinywa, aliyaona yale macho yanayomtazama kana kwamba dunia haijawahi kumdanganya mtu, na kinywa kikajifunga.

*

"Huyu ndiye anataka kuniibia mutoto!" Mama Albertine aliita kutoka uani, ungo wa unga mapajani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya darasani. Miaka thelathini alikuwa amefundisha shule ya msingi, na mpaka sasa kalamu nyekundu ilikaa imechomekwa kwenye kilemba chake. "Kuya hapa nione hii mikono. Aa! Mikono ya mashine, ya ordinateri. Ngozi ya kabichi! Hii itageuza bukari ya bantu kumi?"

"Itajaribu, mama," Chilufya alisema, akipiga goti.

"Itajaribu! Sikia. Bukari haijaribiwe. Bukari inapigwa."

"Mama, umuache kwanza apumue," Stanislas alisema.

"Atapumua samedi." Lakini alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likapungua. "Mutanisamehe, leo roho yangu iko mubaya. Clément alilala hapa."

Clément alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja.

"Juu ya nini?" Stanislas aliuliza.

"Bibi yake analia hatulii. Batoto saba. Balipiga msalaba ku ukuta, ku mulango, mpaka ku choo! Nani atabomoa choo mara mbili? Kesho banabaita ku mkutano, basikie siku ya kutoka. Ile nyumba Clément aliichoma matofali yeye mwenyewe, moja moja." Alimtazama Chilufya. "Weye uko kazi ya mvula. Ni kweli maji itafika mpaka pale?"

Chilufya aliuvuta mkoba karibu. "Mashine ilisema itafika, mama."

"Ilisema. Na weye unasema nini?"

Kabla hajajibu, fimbo iligonga sakafu ndani ya nyumba. Mara mbili.

"Mwende kumsalimia papa," Mama Albertine alisema. "Anawangoja tangu mushana. Miye naweka sufuria ku moto."

Sebule ilikuwa nusu giza, mapazia yamefungwa kuzuia joto. Papa Godefroid alikaa kwenye kiti chake cha mikono, mguu mbovu umenyooshwa, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Mjukuu wa mtu aliyekuja na reli kutoka kaskazini. Nyumba nzima ilijua namna ya kukaa kimya anapokaa kimya. Chilufya alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, uso ameugeuzia ukutani kama desturi yao ilivyotaka. Hakumwona mzee. Alimsikia akivuta pumzi.

"Stanislas," mzee alisema. "Uliza mugeni wetu kama ameleta kintu."

"Papa anauliza kama umeleta kintu," Stanislas alirudia, akicheka. "Papa, alileta hofu tu!"

"Mwambie hivi. Kama amekuya na mikono mitupu, akaribie sana. Samedi haiko mbali."

Stanislas alifungua kinywa kurudia, akasita. Kulikuwa na kitu katika sauti ile. "Chilufya?"

Sasa ndiyo saa, Chilufya aliwaza. Neno moja. Hapana, sikuleta kitu. Atainuka, atakwenda uani, atapiga bukari mpaka mikono itoke malengelenge, na Jumamosi atakuwa mke wa mtu. Msalaba wa Clément utabaki ukutani. Nyumba itabomolewa, na kila atakapomwona Clément akipita na watoto wake saba, atajua.

"Mwambie ba papa," alisema, "nimeleta karatasi moja. Ni ya kusaini tu. Haiulizi neno lingine."

"Karatasi gani?" Stanislas aliuliza.

Alikuwa ameshaitoa bahasha. Pale ndipo alipogundua kosa lake. Siku tatu alikuwa ameigeuza barua ile, akafuta neno hili na lile, ili mzee asaini bila kuaibishwa. Lakini mkono wake haukuruhusiwa kugusa mkono wa baba mkwe. Barua isingeweza kutoka kwake kwenda kwa mzee moja kwa moja. Lazima ipite kwa mwingine, na mwingine ana macho. Mwaka wa pili huu akizunguka na watu hawa, na hakuliwaza hilo!

Stanislas alinyoosha mkono.

"Usiguse!" Fimbo ilipiga sakafu. "Stanislas, toka nje!"

"Papa, kuna nini?"

"Nimesema toka!"

"Kuna nini mu nyumba yangu?" Mama Albertine alikuwa mlangoni, unga hadi viwikoni. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama bahasha mkononi mwa Chilufya. Akaichukua kama anavyochukua mwalimu karatasi ya mtoto anayeficha majibu.

"Mama, tafadhali," Chilufya alisema.

"Tafadhali nini? Karatasi inaingia kwangu, nishindwe kuisoma?" Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "'Miye, Godefroid, mpima mvua wa Katuba, nakubali kwamba kwa miaka kumi na tano, siku za Jumapili, sikupima, maji ya Jumapili niliyaandika siku ya Jumatatu.'" Aliinua kichwa. Alicheka. "Balikosea! Dimanche yote alikuwa anapima. Nani aliandika huu uongo? Weye?"

Ndani ya bahasha kulikuwa na nakala za madaftari, na Mama Albertine alikuwa ameshazitoa.

"Hii mwandiko ni yake, ndiyo. Tuone." Alilamba kidole, akafunua, akafunua. Alikuwa anatafuta kitu, na uso wake ulikuwa bado na ucheshi wa mtu anayejua jibu. "Mwaka elfu mbili na tano. Mwezi wa tatu. Ile siku siwezi kuisahau. Pasaka, komunio ya kwanza ya Stanislas. Mvula ilinyesha tangu usiku, mpaka tulivua biatu ili tuingie kanisani. Mapadri balikuwa banacheka. Tarehe makumi mbili na saba..."

Kidole kilisimama.

Chilufya aliijua namba iliyokuwa chini ya kidole kile. Aliijua pia ya mstari wa chini yake, ya Jumatatu, kubwa kupita zote za mwezi ule.

"Zéro," Mama Albertine alisema, polepole.

Akafunua ukurasa mwingine. Mwingine tena. Yeye mwenyewe alikuwa anapima mvua kila asubuhi, miaka mingi sasa. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Chilufya aliona unga ukidondoka kutoka mikononi mwake, ukianguka juu ya karatasi kama vumbi.

"Ulichelewa komunio," alisema bila kumtazama mumewe. "Ulisema ulikuwa unapima mayi. Nilikubakishia kiti. Nilimwambia padri aombee bwana yangu juu iko anafanya kazi siku ya Bwana." Sasa alimtazama. "Godefroid. Ulikuwa wapi?"

"Albertine, si mbele ya batoto."

"Ulikuwa wapi?"

Mzee aliweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Ku Kenya," alisema mwisho. Kila mtu alijua ni komini ya upande wa pili, nusu saa kwa miguu. "Kwa muntu moja anaitwa Huguette. Alikufa. Ni miaka nane sasa."

Stanislas alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga msumari. Chilufya alitaka kumshika mkono. Hakuthubutu.

"Miaka kumi na tano," Mama Albertine alisema. Hakupiga kelele. Chilufya alikuwa amejiandaa kwa kelele. Utulivu huu ulimtia hofu zaidi. "Na kila Jumatatu unarudi ku chombo, unapima mayi ya siku mbili, unaiandika yote. Juu ya nini hukuimwaga? Ungemwaga, ungeandika namba yako ya uongo. Hakuna muntu angejua."

"Ile mayi ilikuwa ya kweli, Albertine. Sikuweza."

"Na miye?" alisema. "Miye sikuwa ya kweli?"

Mzee aliinamisha kichwa. Vifungo vya shati vilionekana kumkaba.

Mama Albertine alichomoa kalamu nyekundu kutoka kwenye kilemba. Akaiweka barua juu ya goti la mumewe, juu ya mguu ule mbovu.

"Saini."

"Itasomwa mbele ya bantu."

"Isomwe. Clément na batoto yake hawatalala njiani juu ya Huguette. Saini."

Kalamu ilikwaruza. Ilikuwa saini ndefu, ya mtu wa shule ya zamani, na ilichukua muda. Mama Albertine aliichukua barua, akaipulizia, akamgeukia Chilufya.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Lundi, mama."

"Na samedi ungepiga goti, uniite mama, na hii iko mu roho yako?"

Kulikuwa na majibu mengi ya uongo. Yote yalimjia, na yote aliyaacha. "Niliogopa."

"Nani? Miye?"

"Nilimuogopa papa. Nilikuogopa weye. Zaidi niliogopa kumupoteza Stanislas. Nilitaka asaini, niondoke, mama usijue."

"Nisijue." Mama Albertine alimpa barua. "Toka nje, mutoto. Leo hatutapika bukari."

*

Stanislas alisukuma pikipiki mpaka nje ya lango la mabati, akaisimamisha, wala hakuipanda. Nyumba nyuma yao ilikuwa kimya. Jirani alikuwa anapiga misumari kwenye paa, akiharakia mvua. Chilufya alisimama hatua tatu kutoka kwake. Hakuthubutu hatua ya nne.

"Siku ine, tangu lundi," Stanislas alisema, mgongo kwake. "Siku ine unakaa nyuma yangu, unanishika. Unajua, na unanishika."

"Ningekuambia, ungebeba siri mbele ya mama yako. Sikutaka uibebe."

"Ile haikuwa ya kuchagua weye!"

"Najua."

"Unajua! Kila kintu unajua! Unajua mvula ya mwaka elfu mbili na makumi tano, unajua baba yangu analala wapi!" Sauti ilikatika. Aligeuka, na Chilufya aliona uso ambao hakuwa ameuona bado katika miaka miwili ya mapenzi: uso wa mtoto.

"Ukitaka nirudi kwetu peke yangu, nitarudi," alisema. "Ukitaka samedi isikuwe, nitamwambia papa yangu mwenyewe. Sitasema juu ya nini. Sitasema kwa muntu."

Stanislas alikaa juu ya tofali kando ya lango. Alijifuta uso kwa kiganja.

"Ile siku ya komunio," alisema, "nilikuwa nageuka ku mulango kila dakika. Namungojea. Padri alinipiga hata na jicho. Papa alikuya mwisho, wakati ya wimbo ya kutoka. Bantu bote balikuwa balilowa mpaka mu mifupa. Mama alishika biatu yake mu mukono. Papa alinipa mukono, aliniambia hongera, mutoto yangu. Na miye niliangalia chini."

Aliitazama miguu yake mwenyewe.

"Biatu yake ilikuwa ya kukauka. Suruali yake, ya kukauka. Shule ile iko mbali, hakuna nyumba njiani. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilijua kama muntu aliyetoka ku mvula hawezi kukauka vile. Alishuka mu gari ya muntu, ao alingoja mu nyumba ya muntu." Alimtazama. "Sikuuliza. Niliogopa kama nikiuliza, atatuacha. Tangu pale sijauliza kintu mu ile nyumba. Nilijifunza kucheka."

"Stanislas..."

"Weye siku ine, Chilufya. Miye miaka makumi mbili."

Chilufya aliziondoa zile hatua tatu bila kujua amezitembea vipi. Alipiga magoti vumbini mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili, na Stanislas akaliegemeza paji lake kwenye bega la Chilufya, mzito kama mtu aliyebeba kitu tangu alfajiri akapata pa kukitua. Walikaa hivyo. Mtu wa misumari alikuwa ameacha kupiga, labda anawatazama. Acha atazame.

Lango lililia.

Mama Albertine alikuwa amenawa unga. Kilemba alikuwa amekifunga upya, kikakaza sana. Macho yalikuwa mekundu, lakini makavu. Chilufya aliinuka haraka, vumbi magotini.

"Stanislas," mama alisema. "Ile costume ya bleu, uipeleke kwa fundi kesho. Mukono yake iko mufupi."

"Mama?"

"Samedi Clément ndiye atasema kwa upande yetu."

"Na papa?"

"Atabaki hapa. Mvula ya samedi itapimwa. Na ya dimanche." Hakutabasamu. Alimgeukia Chilufya. "Na weye. Miye sijamaliza na weye."

"Ndiyo, mama."

"Ile karatasi. Sasa nyumba ya Clément itasimama?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ndiyo ingemnunulia mkwe, ingemnunulia Jumamosi, ingemfuta machozi mwanamke aliyepoteza miaka kumi na tano mchana mmoja. Chilufya aliyatazama macho yale mekundu, akaogopa kuliko alivyoogopa siku nzima.

"Sijui, mama. Misalaba mingine itatoka. Mingine itabaki, juu mvula kubwa zinakuja kweli. Ya Clément iko chini sana. Kesho saa sita hesabu itaisha."

"Na kama itabaki?"

"Nitakuya hapa miye mwenyewe, nikuambie. Kabla ya mkutano. Sitatuma muntu, sitapiga simu."

"Hata kama nitakufukuza?"

"Hata kama utanifukuza."

Mama Albertine alimtazama muda mrefu sana, kama anayesahihisha karatasi na hajui aweke alama gani. Ndani ya nyumba fimbo iligonga sakafu, mara moja, kwa unyonge. Hakugeuka.

"Samedi saa nane," alisema. "Mwambie mama yako tutakuya."

Akafunga lango.